Fenicha zinazohama: jinsi ya kuzituliza bila kutoboa ukuta wa mwenye nyumba

Nyumba nyingi za kupanga Dar es Salaam siku hizi zina marumaru sakafuni, na zile ambazo hazina zimepigwa niru ikang'aa. Zote zinasafishika kwa urahisi, na zote zinateleza. Kochi linarudi nyuma kila mtu anapojitupa juu yake. Kitanda kinaachana na ukuta kidogokidogo mpaka unapatikana upenyo wa kumeza simu. Kabati la nguo linatikisika ukivuta mlango. Mikataba mingi inakataza kutoboa ukuta, na hata pale ambapo haikatazi, matundu ndiyo yanayoleta mabishano siku ya kurudishiwa amana.

Vitu vingi vinavyohitajika kutuliza fenicha vinapatikana kwa fundi viatu au fundi pancha wa mtaani kwako. Ila kabla hujanunua chochote, angalia kwanza fenicha yako inafanya nini hasa. Mwendo wake ni wa aina tatu: kuteleza, kutembea na kupinduka. Kila mmoja una tiba yake, na tiba ya mmoja inaweza kuuzidisha mwingine. Raba inayotuliza kochi ndiyo hiyohiyo inayoweza kufanya kabati refu na jembamba lianguke kirahisi zaidi. Hesabu yake iko huko chini, na nakusihi usiiruke kama nyumbani kuna watoto.

Kuteleza

Tuanze na kochi. Kochi la watu watatu lenye kilo 50, likikaa kwa miguu ya plastiki au ya mbao iliyopigwa vanishi juu ya marumaru makavu, husogea kwa mvuto wa kilo 10 hadi 15 tu. Mtu mzima akijitupa kwenye egemeo anapita hapo bila kujua. Miguu hiyohiyo ikivaa raba safi, mvuto unaohitajika hupanda hadi kilo 30 au zaidi. Ukitaka uhakika wa nyumbani kwako, chukua mizani ya ndoana, ile ya kupimia mabegi ya safari. Ifunge kwa kamba kwenye mguu karibu na sakafu, vuta polepole sambamba na sakafu, kisha soma namba pale kochi linapoanza kwenda. Pima kabla ya kazi na baada ya kazi. Kama namba haijafika hata mara mbili ya ile ya mwanzo, kuna kasoro mahali, na mara nyingi ni uchafu.

Uchafu wenyewe ni wa aina mbili. Wa kwanza ni vumbi la mchanga, ambalo Dar halikosekani: punje zinakaa kati ya raba na marumaru na kufanya kazi ya gololi. Wa pili ni sabuni. Dekio lenye sabuni nyingi likipita bila kufuatiwa na maji matupu, linaacha utando usioonekana kwa macho. Ndiyo maana mtu anabandika raba mpya, wiki ya kwanza inakamata, wiki ya tatu inateleza, kisha anailaumu raba. Pale ambapo miguu itakaa, futa kwa maji matupu mara mbili na uache pakauke kabisa kabla ya kurudisha fenicha. Raba nayo uipitishe msasa kidogo upande wa chini, maana raba mpya huja na ngozi laini ya kiwandani.

Kosa linalofanyika sana ni kununua vile viduara vya kitambaa kigumu mithili ya blanketi, vinavyouzwa kwenye karatasi vikiwa na gundi nyuma. Vile vimetengenezwa ili fenicha iteleze bila kukwaruza sakafu. Ni vizuri kwa viti vya meza ya chakula, vinavyovutwa kila siku. Chini ya kochi au kitanda vinakufanyia kinyume cha unachotaka.

Raba ya kutumia inategemea uzito. Tyubu ya gari kutoka kwa fundi pancha, ile ile wanayoikata mikanda ya kufungia mizigo kwenye pikipiki, inakamata vizuri sana. Unene wake ni kama milimita 2, kwa hiyo bandika tabaka mbili. Raba ya soli wanayotumia mafundi viatu, ya milimita 5 au 6, ndiyo naiona bora kwa makochi na vitanda, kwa sababu haibonyei ovyo na inakatika kwa kisu cha kawaida. Raba ya tairi ni ngumu na inadumu, lakini angalia ubavu wake kabla hujaikata: tairi nyingi zina nyaya za chuma ndani, na waya mmoja ukichomoza utachora marumaru mpaka basi. Soli za kandambili zilizochakaa zinafaa kwa stuli na meza ndogo ya kahawa. Chini ya kabati la kilo 80 zinabonyea, moja zaidi ya nyingine, na kabati linaanza kuinama.

Kubandika kunataka subira kidogo. Geuza fenicha, kwangua vanishi chini ya mguu kwa msasa mkavu namba 80 mpaka mbao ionekane, futa vumbi. Kata raba iwe ndogo kuliko mguu kwa milimita 2 kila upande ili isionekane. Paka gundi ya viatu kwenye mguu na kwenye raba, pande zote mbili, tabaka jembamba. Kisha subiri. Gundi hii haibandikwi ikiwa mbichi. Inaachwa dakika 10 hadi 15 mpaka ukiigusa kwa kidole haikufuati, na siku za mvua, hewa ikiwa nzito, ongeza muda. Ndipo unagandamiza kwa nguvu na kugonga kwa nyundo ya mpira au kwa kipande cha mbao. Usisimamishe fenicha mpaka kesho yake. Wanaobandika gundi ikiwa bado mbichi ndio wanaokuta raba imechomoka na kubaki sakafuni siku wanaposogeza kochi wafagie.

Supaglu iache. Inashika haraka, lakini ikikauka inakuwa ngumu na inapasuka raba inaposukumwa upande. Misumari pia si ya kuishabikia. Raba huliwa taratibu, kichwa cha msumari hujitokeza, na mwenye nyumba ataona duara la mikwaruzo pale palipokuwa na kila mguu. Kama fundi wa Keko ameshapigilia raba kwa misumari kwenye kitanda chako kipya, hakikisha vichwa vimezama angalau milimita 3 ndani ya raba.

Miguu ya chuma haishiki vizuri gundi ya viatu. Kwa mabomba ya mviringo, tafuta raba za chini ya mikongojo kwenye maduka ya vifaa tiba. Huja kwa vipimo vya ndani kama milimita 19, 22 na 25, zina kitako kipana, na nyingi zina kipande cha bati ndani kinachozuia bomba lisitoboe raba. Pima kipenyo cha nje cha bomba kabla hujaenda. Kwa miguu ya chuma ya mraba tumia silikoni: laza fenicha ubavuni, paka silikoni unene wa milimita 4 chini ya kila mguu, sawazisha kwa kipande cha nailoni, na iache ikauke kabisa siku mbili. Silikoni hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo pwani inakauka vizuri. Chagua isiyonuka siki. Ile inayonuka siki hutoa asidi wakati inakauka, na asidi hiyo huanzisha kutu kwenye chuma. Usiweke fenicha sakafuni silikoni ikiwa bado mbichi, la sivyo utakuwa umeigundisha nyumba ya watu.

Tahadhari moja kwa wenye kapeti la plastiki: raba nyeusi huliachia doa la njano au la kahawia lisilotoka kwa sabuni yoyote, kwa sababu kemikali za raba zinaingia ndani ya plastiki yenyewe. Juu ya kapeti hilo tumia silikoni isiyo na rangi, au kata kapeti lipite kando ya miguu ili raba ikae kwenye sakafu yenyewe, kama kapeti ni la kwako. Marumaru meupe yaliyopakwa kioo hayaingii doa hilo. Yale yasiyong'aa na niru yanaweza kuingia, kwa hiyo jaribu kipande kimoja nyuma ya mlango kwa wiki mbili kwanza.

Kwa kochi linalosukumwa nyuma kila siku, raba peke yake wakati mwingine haitoshi, hasa kochi likiwa jepesi na familia ikiwa kubwa. Hapo ukuta wenyewe unaweza kufanya kazi bila kuguswa na drili. Kata vipande viwili vya mbao ya inchi 2 kwa 2, urefu sawa na nafasi kati ya mguu wa nyuma na ile marumaru ya chini ya ukuta, punguza milimita 5 za raba kila ncha. Vilaze sakafuni, kimoja nyuma ya kila mguu. Kochi likitaka kurudi, mbao inasukuma sehemu ya chini kabisa ya ukuta, ambayo ni imara na haionekani. Makochi ya pembe yanayoachana katikati yafunge miguu miwili inayokaribiana kwa mkanda wa tyubu, uzungushe mara tatu na uvute mpaka ukaze. Kapeti la manyoya linalokimbia pamoja na kochi liwekewe wavu wa raba chini yake, na miguu ya mbele ya kochi ikae juu ya kapeti.

Kutembea

Kitanda na mashine ya kufulia huwa hazitelezi kwa mkupuo. Zinatembea. Zinatikisika, mguu mmoja unapunguziwa uzito kwa nukta, unahama milimita moja, halafu unashuka. Mara elfu moja na kitanda kiko katikati ya chumba. Ukibandika raba bila kuondoa mtikisiko, kitanda kitaendelea kutembea, polepole zaidi.

Kwanza tafuta mguu mfupi. Pitisha karatasi ya kawaida chini ya kila mguu kitanda kikiwa na godoro. Karatasi isipite hata mmoja. Ukipata mguu unaopitisha, ongeza karatasi mpaka ibane, kisha zihesabu: karatasi 10 ni karibu milimita 1. Sasa kata kijazio cha unene huo kutoka kwenye dumu la plastiki au kipande cha kapeti gumu, na ukibandike chini ya mguu kabla ya raba. Usitumie boksi lililokunjwa. Unyevu wa Dar unalilainisha, na baada ya mwezi uko palepale.

Kisha kaza viungo. Vitanda vingi vya mbao vinaunganishwa kwa bolti, spana namba 13 kwa zile za milimita 8 na namba 17 kwa zile za milimita 10. Weka washa pana chini ya nati, maana nati bila washa huzama kwenye mbao laini na kulegea tena. Kama mbao ni ya paini na tundu limeshapanuka, kukaza hakutasaidia: hamisha tundu sentimita 3 pembeni, au weka bamba la chuma. Chaga zinazocheza nazo zinachangia. Kipande cha tyubu kati ya chaga na ubao wa ubavuni kinanyamazisha mlio na kupunguza mtikisiko.

Baada ya hapo ndipo raba chini ya miguu, na mwisho pedi mbili nyuma ya ubao wa kichwani. Kata soli mbili za kandambili, zibandike kwenye kitanda, si ukutani, kwenye kimo ambapo kitanda kinagusa ukuta kwanza. Sukuma kitanda mpaka pedi zibonyee kidogo. Hapo ukuta unazuia upande mmoja, raba inazuia upande wa pili, na rangi ya mwenye nyumba haichubuki.

Kitanda cha magurudumu: kama magurudumu yana breki, funga yote manne, wala si mawili. Kama hayana, kata vipande vya plaiwudi ya milimita 18, sentimita 12 kwa 12, toboa katikati tundu la kutosha gurudumu kuzama nusu, na chini ubandike raba ya soli. Gurudumu likikaa kwenye tundu halizunguki tena.

Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele ina kisa chake. Ikiwa mpya na inaruka jikoni, angalia nyuma kabla ya yote: kuna bolti tatu au nne za kushikilia pipa wakati wa safari, na zisipotolewa mashine itatembea hata ukiifunga kwa minyororo. Zikishatoka, weka pima maji juu yake, kwa urefu na kwa upana. Zungusha miguu mpaka kipovu kikae katikati, kisha kaza nati ndogo ya kila mguu kuelekea kwenye mwili wa mashine. Nati hiyo ndiyo inayosahaulika. Isipokazwa, mguu unajizungusha wenyewe wakati wa kukamua, pipa likienda mizunguko 1,000 au zaidi kwa dakika. Chini weka raba ngumu ya milimita 10. Sponji nene inaongeza kuyumba. Na usifue shuka moja peke yake: inajikusanya upande mmoja wa pipa na hakuna raba itakayoshinda nguvu hiyo.

Kupinduka

Hapa ndipo pa kutulia.

Chukua kabati la nguo la kawaida: kimo sentimita 180, kina sentimita 45, uzito kilo 60. Uzito wake umekaa katikati, yaani sentimita 22.5 nyuma ya ukingo wa mbele. Kulipindua kwa kulivuta juu kabisa kunahitaji 60 mara 22.5 gawanya kwa 180, sawa na kilo 7.5. Ndivyo ilivyo, kilo saba na nusu. Mtoto akining'inia kwenye mlango anazidisha.

Sasa tazama raba inafanya nini. Kabati hilo likisukumwa kwenye kimo cha sentimita 80 juu ya sakafu inayoteleza, linaweza kuteleza kabla halijapinduka, kwa sababu mguu wa mbao juu ya marumaru unashika kwa takriban robo ya uzito tu. Ukiweka raba, mlango huo wa kuteleza umeufunga. Nguvu yote sasa inakwenda kwenye kupindua. Kwa hiyo kabati lolote ambalo kimo chake kinazidi kina chake mara tatu, lishughulikie kwanza lisipinduke, raba baadaye.

Kabati la droo ni la hatari zaidi kuliko urefu wake unavyoonyesha. Tuseme lina kilo 40: mwili kilo 22, droo tatu na vilivyomo kilo 18, kina kilekile cha sentimita 45. Vuta droo zote tatu nje sentimita 35. Uzito wa droo sasa uko sentimita 12.5 mbele ya ukingo. Upande unaoshikilia una 22 mara 22.5, yaani 495. Upande unaoangusha una 18 mara 12.5, yaani 225. Bado limesimama. Mtoto wa kilo 15 akikanyaga droo ya chini, sentimita 30 mbele, anaongeza 450. Jumla 675 dhidi ya 495. Linamwangukia. Hiki ndicho kilichosababisha kampuni ya IKEA mwaka 2016 kuwataka wateja wake wa Marekani warudishe makabati ya droo yapatayo milioni 29 au wayafunge ukutani, baada ya watoto kufa, na Desemba 2022 Marekani ikapitisha sheria inayodai makabati ya nguo yapimwe kwa kuigiza mtoto wa hadi kilo 27 hivi. Makabati yetu ya kuchongesha hayapitii kipimo kama hicho, basi kipimo ni wewe.

Njia inayopendekezwa sana mtandaoni ni kuweka kabari chini ya mbele ili kabati liegemee ukuta. Ifanye, lakini ijue thamani yake. Kabari ya milimita 8 chini ya mbele ya kabati letu la sentimita 180 inarudisha kilele nyuma sentimita 3.2, na kitovu cha uzito sentimita 1.6. Nguvu ya kupindua inapanda kutoka kilo 7.5 hadi kilo 8. Basi. Faida yake kubwa ni kwamba milango inabaki imefungwa na kabati halichezi. Utalazimika kusogeza kitako karibu sentimita 3 kutoka ukutani ili kilele kipate pa kuegemea, na hapo juu weka ukanda wa raba. Kabari iwe ya mbao ngumu, kipande cha mninga kutoka kwa fundi, na iwekwe kwenye pembe zote mbili za mbele na chini ya ubao wa katikati pia. Makabati ya bodi yakibebwa pembeni tu hupinda na milango kugoma kufungana.

Uzito chini unalipa zaidi. Ndoo ya lita 20 ya mchanga mkavu ina kilo 30 hivi. Ugawe kwenye mifuko miwili ya saruji iliyosafishwa, ndani ya mifuko ya nailoni, na uilaze chini kabisa ya kabati ukiisukuma nyuma. Hata ukiihesabia katikati, nguvu ya kupindua inafika kilo 11. Tumia mchanga wa mto. Wa baharini una chumvi, unavuta unyevu, na baada ya muda ubao wa chini unavimba. Tofali la saruji la inchi 6 lina uzito karibu sawa na huo, ila livishe kitambaa. Vitu vizito vya nyumbani, kama cherehani, vyungu na mabeseni ya vyombo vya udongo, vishuke chini. Mabegi matupu yapande juu. Nyumba nyingi hufanya kinyume: begi la vitabu linawekwa juu ya kabati.

Kinacholipa kuliko vyote ni kuongeza kitako. Agiza plaiwudi ya milimita 18, upana sawa na kabati, kina sentimita 63, yaani itokeze mbele sentimita 18. Ifunge chini ya kabati kwa bolti sita za milimita 8 zenye washa pana, zikipita ubao wa chini wote. Skrubu peke yake kwenye bodi ya maranda zitang'oka. Bandika raba chini ya ukingo wa mbele na kwenye pembe za nyuma. Nguvu ya kupindua inapanda hadi kilo 13.5, na ukiongeza ule mchanga inapita kilo 20. Ziviringishe pembe za mbele na uzipake rangi inayoonekana, maana miguu itajikwaa siku za mwanzo. Kwa kabati la droo kitako hiki ndicho ningelianza nacho, pamoja na kufunga droo za chini kwa kitasa cha watoto.

Kama una makabati mawili, yaunganishe ubavu kwa ubavu kwa bolti nne za milimita 6, mbili juu na mbili chini. Yakikaa kwenye kona yakafanya pembe, kila moja linamzuia mwenzake, na hapo hupati kitu imara kuliko hicho bila ukuta.

Ukuta bila drili

Dirisha la Dar karibu daima lina nondo. Kama kabati liko kando ya dirisha na nondo ziko upande wa ndani, umepata nanga ambayo mwenye nyumba ameshaijenga. Pitisha mkanda wa kufungia mizigo wenye kikazo, au kamba ya nailoni ya milimita 6, kutoka kwenye bolti ya pete iliyofungwa kwenye fremu ya kabati, robo tatu ya kimo kwenda juu, mpaka kwenye nondo yenyewe. Usifunge kwenye fremu ya wavu wa mbu, inatoka na msumari mmoja. Na usizibe dirisha ambalo lina nondo za kufunguka kwa ajili ya dharura.

Wajapani, kwa sababu ya matetemeko, hutumia vyuma vya kujikaza kati ya kilele cha kabati na dari. Dar vinafaa pale tu ambapo juu yako kuna zege, kama kwenye maghorofa. Dari la jipsamu litapasuka kabla chuma hakijakaza. Na tetemeko si jambo la mbali kwetu: lile la tarehe 12 Agosti 2020, la ukubwa wa karibu 6 baharini mkabala na pwani yetu, lilitikisa majengo mjini hapa.

Gundi za kubandika mikanda ukutani sizikubali kwa kabati. Zinashika rangi, na rangi inashika plasta kwa ukaidi mdogo sana. Ukivuta, ngozi ya rangi inatoka yote. Gundi kali za ujenzi zinashika kweli, lakini siku ya kuhama zinaondoka na plasta ya upana wa kiganja. Tundu la milimita 8 ni dogo mara nyingi kuliko jeraha hilo.

Ndiyo maana kwa kabati refu chumba cha watoto, naona heri kuomba ruhusa. Ujumbe mfupi unatosha: "Shikamoo mama. Kabati la watoto ni refu na wao bado wadogo, naogopa lisiwaangukie. Naomba ruhusa nitoboe matundu mawili ya milimita 8 nyuma yake, hayataonekana. Nikihama nitayaziba na kupaka rangi ileile." Wenye nyumba wengi wanaogopa matundu ya televisheni na mapicha yasiyo na idadi. Mawili nyuma ya kabati, kwa sababu iliyotajwa, ni habari nyingine. Hifadhi jibu lake. Andika na namba ya rangi kama bado anaikumbuka, au kwangua kipande cha ukubwa wa kucha nyuma ya mlango ukapeleke dukani wakilinganishe.

Akikubali, piga juu ya tofali na si kwenye udongo wa maungio: vumbi la kijivu gumu ni tofali, drili ikizama ghafla umeingia kwenye kiungo au uwazi, sogea sentimita 5. Weka fisha (kile kijiti cha plastiki kinachoshika skrubu ukutani) ya milimita 8 na skrubu ya sentimita 6, funga kwa mkanda mfupi usiolegea zaidi ya sentimita 2. Siku ya kuhama chomoa fisha kwa kuingiza skrubu nusu na kuivuta kwa koleo, jaza saruji nyeupe iliyokorogwa nzito, acha ikauke siku nzima, msasa, rangi tabaka mbili.